Bildi Chini ya Barafu

Jumapili, 10 Januari 2016

Leo kazini amekuja mgeni kutoka Kazakhstan, sir Yerlan. Kampuni yetu imepata kazi kwao: kupima kina cha bahari karibu na ufuko, bahari yenyewe ikiwa imeganda. Watu watatembea juu ya maji! Wanatoboa barafu kwa keekee ndefu, wanateremsha kamba yenye uzito, wanasoma kina, wanasogea hatua kadhaa, wanatoboa tena. Hivyo hivyo hadi Machi.

Anataka mtu mmoja tu kutoka hapa Dubai. Tumejitokeza wawili wa kwenye boti ya kupimia: mimi na Mzee Mohdhar.

Mimi mtu wa Vihiga, bara, niliyeiona bahari mara ya kwanza nikilinda geti la hoteli hapa, kabla ya kupata kazi ya boti. Nataka kwenda mno.

Jumatatu, 11 Januari

Nimemuuliza Mzee baridi hiyo anaitakia nini na umri wake. Amesema amepima maji ya nchi hii miaka ishirini na miwili, na mwezi wa tatu anarudi Lamu moja kwa moja.

“Sijapata kuona bahari yenye kifuniko,” kasema. “Nataka kujua chini yake mna nini.”

Ndicho ninachotaka na mimi.

Jumatano, 13 Januari

Jaribio. Cold room ya kiwanda cha barafu, Al Quoz. Tangi la maji ya bahari, juu limegandishwa unene wa kiganja. Nimevaa makoti mawili na soksi tatu — nje watu wako na tisheti.

Keekee ilipopenya, maji yalipanda yenyewe shimoni, yakasimama karibu na ukingo. Nikauliza kwa nini. Sir alifurahi kuulizwa. Barafu inaelea, kasema, ndiyo maana maji hupanda. Na kina huhesabiwa kuanzia kwenye maji, si juu ya barafu. Nikauliza kwa nini ya chini hayajaganda. Nikauliza samaki wanapataje hewa.

“Khalas, Jairus,” Mzee akanikata. “Mwache mwenzio avute pumzi.”

Tukacheka wote. Vipimo vyetu vilikuwa sawa, Mzee na mimi. Kesho tena.

Alhamisi, 14 Januari

Siku mbaya.

Kabla ya chakula nilipima wa mwisho, wenzangu walikuwa wameshatoka. Nikafanya tunachofanya kila siku kwenye boti: nikaimwagia kamba maji ya chupa, na rili inayozungushiwa pia, kutoa chumvi. Mzee ndiye aliyetufundisha. Asiyeosha kamba hapandi boti yake. Mikono ilifanya tu, mimi nilikuwa nawaza samaki.

Tuliporudi rili ilikuwa imeganda yote. Sir akaizungusha kwa nguvu, mpini ukakatika. Ndiyo pekee aliyokuja nayo. Akasema kwenye baridi kamba hufutwa kwa kitambaa, haioshwi kamwe. Kisha akamtazama Mzee. Tangu Jumapili amemwona na ndoo, akiosha kamba kwenye boti.

Sikusema kuwa ni mimi. Mzee naye hakunitaja. Alikuwa anaiangalia chupa iliyochomoza mfukoni mwangu.

Ijumaa, 15 Januari

Off. Nimeshinda Discovery Gardens, kitandani. Kanisani nilikwenda, huku ibada ni Ijumaa, ila mahubiri sikuyasikia. Ni mwoga mimi. Basi.

Jumapili, 17 Januari

Karatasi imebandikwa: Jairus. Safari Jumatano.

Mzee ndiye wa kwanza kunipa mkono. Nimejaribu kumwambia, akasema twende kazini, yalla.

Mchana kanifuata hapa kwenye benchi nje ya ofisi. Kanipa bildi yake, ile ya kupimia kina zamani, kabla ya mashine — pande la risasi zito, lina shimo kitakoni. Kanionyesha: shimo unalijaza sabuni, ukiishusha mpaka chini tope linanasa humo, unajua bahari imelalia nini.

“Nitilie majini mara moja tu,” kasema. “Tope usilitupe. Lifunge kwenye karatasi uniletee.”

Nikamwambia Mzee, ile chupa…

“Niliiona,” kasema. “Na huko kamba uifute, usiioshe.” Hakucheka.

Nikamuuliza mbona hakusema. Kasema si kazi yake kunisemea.

Ameondoka. Namwona kule gatini, anamwagia kamba maji, mita kwa mita, kama kila siku. Najiuliza ningekuwa yeye ningefanya nini, na jibu silipendi.

Sir ananiita nikatie sahihi karatasi za safari. Mlango uko wazi, ziko mezani, naiona kalamu. Bildi ni nzito kuliko nilivyodhani. Nasimama. Naingia nayo.