Débrouillard Abebe Mchanga

Mjukuu wangu Amina,

Mwezi uliopita mtaa wetu wa Tshopo ulipoteza kazi nane nzuri. Kiwanda kipya cha mbao kilitafuta wachomeleaji wa chuma, hakikumpata hata mmoja hapa, kikaleta wanane kutoka Kinshasa. Hasira bado ninayo. Nyumbani tuko salama, bibi yako, koko mama Zaina, anakusalimia sana.

Umeniuliza kama uache biashara ya mitumba huko Bengamisa uje usomee kuchomelea, miezi tisa bila mapato. Unasema labda shule si lazima, kuchomelea utajifunza tu kwa kutazama.

Nikiwa na umri wako niliomba kazi kwenye bwawa la umeme. Msimamizi akauliza, "Kijana, unajua nini?" Nikajibu kwa fahari, "Bon, mi niko débrouillard, nafanya yote!" Kwetu hiyo ni sifa: mtu asiyekosa njia. Akacheka. "Alors, débrouillard, beba mchanga."

Salumu, aliyekuja nyuma yangu, alisema, "Najua kusoma plan, michoro ya mashine." Alilipwa mara nne yangu. Kila mapumziko nilikaa naye, ananichorea plan chini, ananitania, "Débrouillard, hapa ni bomba au ni nyoka?" Mwaka uliofuata msimamizi yule aliniuliza tena. Nilimjibu, "Nasoma plan." Ndiyo mwanzo wa atelier yangu, karakana hii unayoijua.

Mwalimu wa kuchomelea hapa mtaani amekuwekea nafasi moja mpaka Ijumaa, saa sita mchana. Usiniandikie "tutaona". Kabla ya saa hiyo nataka neno moja: ndiyo, au hapana?

Koko yako, Ramazani