Wameucheza Wimbo wa Projestus

Mama, shikamoo.

Migomba yako nimeipalilia, na kahawa ya nyuma ya nyumba imezaa vizuri mwaka huu. Ningependa kuishia hapo, lakini nina hasira, na wa kumwambia ni wewe.

Jumamosi nilikwenda harusini Kanoni. Tulipokuwa tunakula wakaweka kaseti mpya, magitaa na ngoma, watu wakainuka kucheza. Niliutambua wimbo kabla mwimbaji hajamaliza mstari wa kwanza. Ulikuwa wako, Mama. Ule ulioutunga kaka Projestus alipokwenda vitani Uganda, wenzake wakarudi bila yeye. Maneno ni yale yale: njia nimeifagia, chakula nimekifunika, mbona hufiki. Ila pale unapomwita Projestus, wao wameweka "mpenzi". Mpenzi, Mama. Bibi harusi anacheza, mimi nimeshika sahani.

Yule mwenye duka la kaseti Kayanga, aliyekuja na redio yake kwenye misa ya kumwombea kaka, alikuambia, "Mama, niruhusu nirekodi kidogo, nikasikilize nyumbani." Ukamkaribisha, ukamtengea na chakula. Jumatatu nikaenda kwake. Kwenye jalada la kaseti kuna picha ya dada mmoja mwimbaji wa Bukoba, na chini yake imeandikwa mtunzi: jina la mwenye duka.

Nikamuuliza kwa upole. Akacheka. "Dada, nyimbo za kilio ni za watu wote. Una karatasi inayosema huu ni wa mama yako?"

Sikuwa nayo. Wewe hukujua kuandika. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, hata chumvi niliyotumwa nikasahau kununua.

Siku ya gulio nikaenda tena, na mama wadogo wawili, wale waliokuwa wakikuitikia ukiimba. Tukasimama mlangoni pake tukauimba wote, pamoja na ubeti wa kumtaja babu, ambao yeye hana kwa sababu betri zilimwishia. Watu wakaacha kununua. Mzee mmoja akavua kofia. Mwenye duka akazima redio, akachukua kalamu, akaanza kufuta jina lake kwenye majalada yaliyobaki. Sikumshukuru. Kaseti nyingine zimeshafika Mwanza, na kila mwenye redio ya deki mbili anawanakilia wenzake. Nani atazirudisha?

Maneno yako sasa nimeyaandika yote kwenye daftari, na jina lako juu. Laiti ningefanya hivyo ungali hai. Hilo nalo linaniuma.

Wiki ijayo napanda gari kwenda Bukoba kumtafuta yule dada. Huenda hata yeye alidanganywa. Nitamweleza Projestus alikuwa nani na ni mama gani aliyemlilia. Akitaka kuuimba tena, auimbe akijua yuko msibani.

Pumzika, Mama. Mimi bado sijamaliza.

Mwanao,
Adelina