Kitanda cha Bibi Robi

Tarime, Tanganyika

Dada yangu Mkawasi,

Shikamoo dada. Kabla hujasoma mstari wa pili, inuka ufunge mlango. Kama Baba Mkubwa yuko nje anajifanya anachonga mpini wa jembe, ngoja aende shambani ndipo uendelee. Mimi ni mzima. Kifua changu hakijanisumbua, ingawa huku juu baridi yake si ya mchezo. Natumaini nawe u mzima, goti limepoa, na mbuzi wako hawajahamia tena zizi la mtu mwingine kwa njia isiyoeleweka. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe. Barua iliyopita iliandikwa na mtoto wa Baba Mkubwa, nikaona imejaa "sote hatujambo, sote tunakusalimu." Wewe hujawahi kuwa hujambo bila kueleza, kwa hiyo nilijua si maneno yako.

Masomo ya useremala sasa yamefika ukingoni. Chuo chetu hiki cha misheni, kama ulivyokwisha kusikia kwangu, kimekusanya watu wa nchi nyingi. Mimi ndiye pekee kutoka Kenya, yuko Joramu wa Uganda, wako Warundi wawili, na waliobaki ni wenyeji, Wakuria na Waikoma. Joramu ni rafiki yangu, lakini anamwamini kila mtu, na mtu wa namna hiyo lazima aangaliwe na mwenzake. Mimi namwangalia. Tangu hali ya hatari ilipotangazwa kwetu, mtu wa Kenya huku anatazamwa mara mbili kila anapopita, nami nimejifunza kuwatazama wao mara tatu.

Sasa sikiliza jambo lililonipata. Mtihani wa mwisho huku haufanyiwi darasani. Kila mwanafunzi anapewa mji mmoja, maana huku boma la mtu na nyumba za wake zake huitwa mji, naye anamtengenezea mwenye mji kitu kimoja tangu kupima hadi kukiweka mahali pake. Siku ya mwisho walimu wanakwenda, na mwenye mji anasema mbele yao kama ameipokea kazi au ameikataa. Akiikataa, hakuna cheti. Unajua mwenyewe bila cheti kazi ile ya Voi siipati, na nisipoipata, nyumba niliyokuahidi itabaki maneno matupu, nawe utaendelea kulala jikoni kwa Baba Mkubwa na kuamshwa kuwasha moto wa watu. Ndiyo maana nilikuwa na hofu ya mji gani nitapewa.

Mimi sikupewa, nilichaguliwa. Alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Genkuru, mjane, jina lake Bibi Robi, mrefu, mkavu, amevaa shuka na ana macho ya mtu anayenunua ng'ombe. Tulikuwa kwenye meza zetu tunapiga randa. Akapita nyuma yetu mmoja mmoja, na kazi zetu hakuzitazama hata kidogo. Alitutazama sisi. Alipofika kwangu akasimama.

"Wewe mura," akaniambia, ndivyo wanavyomwita kijana, "kwenu wapi?"

"Taita, mama. Kenya, mbali, karibu na pwani."

"Umetahiriwa?"

Nikasema ndiyo, huku Joramu anakohoa ili asicheke. Akauliza kama kwetu kuna watu wa kifafa. Nikasema hakuna. Akauliza baba yangu alikuwa mfupi au mrefu. Halafu akaniuliza nitarudi kwetu lini. Nilipomwambia nitaondoka mara tu baada ya mtihani, na kwamba huenda nisirudi tena huku, alifurahi. Dada, alifurahi waziwazi, akamgeukia Mwalimu Marwa, fundi wetu, akasema, "Huyu. Nataka kitanda. Kikubwa."

Niambie wewe, ni nani anayemchagua fundi kwa kifafa na urefu wa baba yake? Na ni nani anayefurahi mgeni akisema hatarudi, ila mtu anayetaka kumtenda jambo ambalo hakuna atakayekuja kuliuliza? Nilimwendea Mwalimu Marwa nikaomba mji mwingine. Yeye ni Mkuria, akanijibu kwa upole kwamba Bibi Robi ni mtu wa heshima, nami nikaona anang'ata mdomo kuzuia kicheko. Nikamwingiza naye kwenye watu wa kuangaliwa.

Basi nikaenda. Mji wa Bibi Robi una zizi zuri, nyumba yake ya zamani, na nyumba nyingine mpya bado inanuka udongo. Kitanda kilikuwa cha hiyo nyumba mpya. Ndani alikaa msichana aitwaye Mugesi, amekwishalipiwa ng'ombe, mkimya, mwenye shingo ndefu. Bibi Robi akasema, "Huyu ni mke wa hapa." Nikaelewa ni mke wa mwanawe, nikauliza kwa adabu, "Na mwanao yuko wapi, mama, nimsalimu?"

Jirani aliyekuwa anasuka kamba akainamia kamba yake. Mugesi akaingia ndani. Mimi nikajiambia, aha, hapa pana maiti. Ama huyo mwana ameuawa, ama amejificha kwa kesi ya ng'ombe, na siku atakayorudi akinikuta mimi chumbani kwa mkewe ninapima urefu wa kitanda, hatauliza kama niko kwenye mtihani. Tangu siku ile nilifanya kazi uso ukiwa mlangoni.

Kilichonitisha zaidi ni wema. Kila nikifika naletewa maziwa mgando ndani ya kibuyu, na ugali wa mtama, na nyama hata siku ambazo wenye mji hawali nyama. Bure ghali, ulinifundisha mwenyewe. Nilikuwa nanusa maziwa, nayatazama, nangoja Mugesi aonje kwanza. Siku nyingine nilisema tumbo linauma, nikala viazi nilivyokuja navyo mfukoni. Bibi Robi akawa anatikisa kichwa. "Hali. Mtu mzima hali. Atapata nguvu wapi?" Nikazidi kuogopa, maana sikuona nguvu nyingi zinahitajiwa wapi. Kupiga patasi si kuvuta jahazi.

Lakini kitanda chenyewe, dada, nilikitengeneza kwa moyo wote. Ni mvule mtupu, hakina msumari hata mmoja, kila ubao umechongwa ulimi ukaingia kwenye tundu la mwenzake na kukazwa kwa kabari. Matendegu yake hata ng'ombe akipanda hayatikisiki. Tandiko ni kamba za ngozi, nilizifunga mimi na Mugesi, yeye upande ule na mimi upande huu, tukivutana bila kusema neno. Siku moja tu alisema. Aliniuliza kama kwetu nina mchumba. Nikajibu kwamba yuko msichana anayeitwa Wakesho, ila bado hatujaposa. Akasema, "Afadhali," akaendelea kuvuta. Sikujua ni afadhali ya nini, nikaiweka pamoja na mengine.

Alasiri niliyomaliza, mawingu yalikuwa yamejaa. Bibi Robi akaingia, akakikalia kitanda, akakitikisa, akaridhika. Kisha akasema, "Mvua inakuja, mura. Leo lala hapahapa. Usiku huu na ule mwingine, mpaka walimu waje." Akatoka, akausukuma mlango nyuma yake. Ndani tulibaki mimi na Mugesi.

Nilichukua msumeno na randa, nikapita mlango ule kama mbuzi aliyeona kisu. Mvua ilinikuta njiani, nikaingia chuoni nimelowa hadi mifupa, nikamwambia Mwalimu Marwa kila kitu: mwana aliyeuawa, maziwa, kifafa, mlango. Alicheka hadi akakaa chini juu ya maranda. Alipopumua ndipo akanieleza, na hapo mimi ndiye niliyekaa chini.

Bibi Robi hana mwana wala hajawahi kuwa naye. Mumewe alifariki bila kupata mtoto kwake. Sasa kwa Wakuria, mwanamke wa namna hiyo, akiwa na ng'ombe, anaoa. Anatoa mahari kwa jina lake, anamleta msichana mjini pake, wanaita nyumba ntobhu, na watoto wa msichana yule wanakuwa watoto wa nyumba ya bibi, wanaitwa kwa jina la mume wake marehemu, wanarithi zizi. Mugesi si mkwe. Mugesi ni mke wa Bibi Robi. Kilichokosekana ni mwanamume, na bibi hakutaka mtu wa jirani ambaye kesho ukoo wake utakuja kusema mtoto ni wetu. Alitaka mtu mzima wa mwili, wa mbali, anayeondoka asirudi.

Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kushuku, ila nilishuku kitu ambacho hakikuwepo.

Sitakuficha, nilifikiri kukubali. Mugesi ni mzuri, na cheti kilikuwa mdomoni mwa Bibi Robi. Mwalimu Marwa alisema hakuna atakayenilaumu huku. Lakini nikamwona mtoto mwenye paji la uso la baba yetu, anachunga ng'ombe Genkuru, na mimi niko Voi napigilia madirisha ya watu, sijui hata kama ana viatu. Nikashindwa.

Asubuhi nikarudi kumwambia. Niliona ni afadhali anikatalie kazi uso kwa uso. Nilimkuta anakamua. Nikasema, "Mama, nisamehe. Kwetu mambo haya hayapo. Mtu hazai mtoto akamwacha."

Hakukasirika. Aliendelea kukamua, kisha akaniuliza, "Kwenu, mwanamke kama hana mtoto, mnamfanyia nini?"

Dada, nilifungua mdomo nimjibu. Nikakuona wewe siku ile shemeji zako walipokurudisha kwetu, wakaliweka sanduku lako nje ya ua, hata kuingia hawakuingia, na Baba Mkubwa akahesabu mbuzi wa mahari watakaorudishwa kabla hajakuuliza kama umekula. Nikakuona jikoni kwake miaka yote hii. Nikafunga mdomo. Bibi Robi akanitazama, akasema, "Basi. Nimesikia," ingawa sikuwa nimesema kitu. Mugesi alikuwa ameshika ndama, akaongeza, "Nilimwambia mama asikuchague wewe. Mtu anakagua maziwa hivyo, atazaa mtoto wa namna gani?" Wakacheka wote wawili, wakanipa kibuyu cha maziwa, nikakinywa bila kukitazama. Yalikuwa maziwa mazuri tu.

Walimu walipokuja nilisimama pembeni. Bibi Robi akakaa kitandani katikati, akasema kwa sauti, "Kitanda nimepokea. Fundi ni mwoga, lakini woga si kosa la kitanda." Wakaandika kwamba kazi imepokelewa. Joramu, aliyefuatana na walimu, akajitolea palepale kukaa mahali pangu, bibi akamtazama toka juu hadi chini, akamwambia anacheka mno. Sasa nasikia wanamwangalia mmoja wa Warundi.

Nisalimie Baba Mkubwa, mwambie napiga randa tu na hakuna habari nyingine. Msalimie mama mdogo wa kule bondeni, na mwalimu wa kanisa aliyenipeleka huku. Wakesho msalimie kwa maneno machache, usimsimulie habari ya Mugesi, nitamsimulia mwenyewe nikiwa karibu na mlango. Nikipata cheti mkononi nashika meli ya Musoma hadi Kisumu, kisha treni.

Lakini jambo moja linanisumbua kuliko yote. Nilikuwa nimekwisha kuichora nyumba yako, chumba kimoja na jiko, ya mtu mmoja kuzeekea. Wala sikukuuliza. Mimi ninayemshuku kila mtu duniani, sikujishuku mwenyewe kwamba nami nimekwisha kukuhesabu kama walivyokuhesabu wao. Bibi Robi ana umri wa kuwa mama yetu, na mji wake una nyumba mpya. Sisemi uoe, dada, kwetu wangetupiga mawe. Nasema tu kwamba mwanamke yule aliulizwa na watu wake anataka nini, akajibu, wakamsikiliza, na sisi kwetu hakuna aliyekuuliza wewe, hata mimi niliyebebwa mgongoni mwako.

Nakuuliza sasa. Unataka nini? Usiniandikie "kama mtakavyoona ninyi." Niandikie vyumba vingapi, na ni vya nani.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,
Mwadime