Moshi wa Nyumba ya Beni

Yaya Kahambu, mukubwa wangu, salimia bote ku nyumba.

Tulifika Beni saa kumi, miye na balimu benzangu Masika na Kavira, tumelowa na mvua kama muhogo ya ndani ya maji. Ku kila barrière ya basoda tulishushwa mu camion, tukaulizwa tunaenda wapi. Tulijibu: congé, masomo imefungwa. Soda moja, bunduki ku bega, alituangalia kwa huruma.

Nyumba tuliyokodi ni kubwa kupita bei yake. Mama jirani ndiye alitupa ufunguo.

"Batoto bangu, muwashe moto asubuhi na mangaribi, hata kama hamuna chakula. Nyumba yenye haina moshi, basoda banaingia, na mwenyewe hataipata tena."

"Mwenyewe iko wapi?" Masika akauliza.

"Alikimbilia Uganda juzi, na batoto, sababu ya vita."

Donc, basi, congé yetu ni kufukiza nyumba ya mutu. Tulikuta maharagi yake ku lungo, nusu imechaguliwa, nusu ingali na mawe. Kavira alikaa chini, akamaliza kuchagua. Hakuna aliyetaka kuyapika. Ku moto tumeweka maji tu.

Yaya, vita ikifika kwetu mbele ya miye kurudi, mukimbie. Ufunguo muachie jirani. Miye nitakuja kuwasha moto.

Mudogo wako, Katungu