Shemeki, Shimo la Tisa Limepitwa

Shemeki mpendwa,

Jina lako sikuliandika hapa juu, na barua yenyewe haina bahasha. Siku hizi barua inayotoka Kolwezi mkononi mwa msafiri haifungwi, ili akisimamishwa njiani kabla ya Tenke aitoe waisome waone haina kitu. Basi wengi wataisoma kabla yako, kama itakufikia. Habari zenu za mwisho tulizopata ni kwamba mlionekana Lubudi, wewe na yaya, dada yangu mkubwa, mkeo, mmekaa juu ya mizigo mkingoja treni nyingine. Tangu hapo, kimya. Unanijua, mimi ni mwoga. Lakini leo nina furaha kubwa kuliko woga wangu: nimepata mashine, na lile shimo nimelimaliza.

Unakumbuka Jumamosi zile ofisini kwako? Kampuni ilikuwa bado hai, wewe ukitunza kompyuta zake, mimi mwanafunzi wa sekondari niliyekuja kukuletea chakula kutoka kwa yaya na kusahau kurudi nyumbani. Ulipomwoa ulinitania mbele ya wazee: "Mama nilimupa mbuzi. Wee, shemeki, nitakupa shimo." Wazee hawakuelewa. Mimi nilielewa siku uliyotia disketi na mchezo ukafunguka: mtu mdogo mwenye kofia ya mgodini, akishuka, akichimba, akikusanya mawe, na dari juu yake ikitaka kumwangukia. Mashimo yalikuwa tisa. Manane tulishinda. La tisa lilituzika kila mara, na wewe ulicheka kila mara. "Tulikufa tena, shemeki! Fungua, tufufuke."

Siku ya stesheni hukucheka, lakini hukulia pia. Vijana walikuwa wakipuliza filimbi na kuimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao, ingawa wewe ulizaliwa hapa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni iliyomleta babu yako. Yaya alipanda nyuma yako bila kumwomba mtu ruhusa. Ukaniinamia kutoka dirishani, ukatia disketi katika mfuko wa shati langu. "Maliza ile shimo. Ukimaliza, uniambie." Ulisema kama mtu anayekwenda likizo.

Tangu siku hiyo jina lako halikutajwa nyumbani kwetu. Usidhani Mama alikuchukia. Wiki ileile jirani yetu, mama wa upande wa pili wa ua, alimuuliza kwa sauti ya juu: "Bakwe zenu ba kule, bote balishaenda?" Hatukujua kama ni huruma au ni kutupeleleza. Mama alijibu, "Bote," akaingia ndani. Akaanza kukuita "ule", na yaya akawa "ule mwingine".

Sasa mimi ni karani katika ofisi uliyoiacha. Kompyuta zako zilibebwa karibu zote. Imebaki moja, ya mkuu, nami siigusi ila kwa kazi. Kwa hiyo nilipomsikia mtu wa soko la Manika akisema anauza zile kompyuta za kiganjani zilizoachwa na wageni walipokimbia, zinazofunguka kama kitabu cha sala, sikulala vizuri. Zimepitwa na wakati, hakuna anayezitaka. Mimi nilizitaka kwa sababu za zamani ndizo zilizojua DOS, ambayo bila hiyo mchezo wetu haufunguki. Nilikwenda na disketi yako mfukoni, ingawa haikuweza kuingia popote katika mashine hizo. Nilitaka tu iwepo. Na katika mfuko mwingine, mawe mawili mapya ya redio, betri za kuiwasha mashine.

"Chagula, patron mudogo!" muuzaji akaniambia. "Hii ya rangi njo ya bakubwa."

"Iko na DOS?"

"Iko na bitu byote!"

Haikuwa nayo. Ilikuwa nzuri, kioo kinang'aa kama dirisha la kanisa, lakini ilijua kalenda na barua tu. Ya pili ilikuwa na DOS na vitufe vipana, ila mshale wa kushoto ulikuwa umekufa. Nikamwonyesha.

"Mushale moja tu! Utazunguka kwa kuume, utafika."

Nilicheka, shemeki, nikamfikiria mchimbaji wetu asiyeweza kugeuka kushoto. Ndipo nikaiona ya tatu, pembeni, bawaba imefungwa kwa mpira wa baiskeli, kioo kitupu.

"Ile ilishakufa, tata. Niko nauzisha bipande."

Nikauliza bei ya vipande, tukapatana. Kisha nikatoa mawe yake, yale ya kuanikwa juu ya bati ili yapate nguvu ya dakika mbili, nikatia yangu. Kioo kikabaki kitupu. Muuzaji alikwisha kunyoosha mkono airudishe mahali pake. Nikakumbuka ulivyoniambia siku niliyopiga kelele kwamba nimeua kompyuta ya kampuni: "Kioo kitupu si kifo. Pandisha kwanza weusi." Nikatafuta kitufe cha weusi, nikakibonyeza, nikakibonyeza tena. Herufi zikatoka polepole, kijivu, halafu nyeusi, mpaka ile C ya DOS ikasimama na alama zake, ikingoja amri.

"Ee! Wee ni mulozi!" akasema muuzaji. "Ulifufula maiti ku soko! Basi bei ilipanda."

Na mimi, ninayeshtuka hata mlango wa ofisi ukifungwa, nikamjibu bila kigugumizi: "Tata, tulishapatana bei ya maiti." Wenzake wakamcheka. Akacheka naye, akanitupia na waya wa kuiunganisha na kompyuta kubwa.

Kwa mkuu wa ofisi nilikwenda na hotuba nzima ya kuomba ruhusa ya kunakili mchezo kupitia kompyuta yake. Hakuingoja iishe. "Kopia, karani. Ila mi pia utanionyesha."

Kioo cha mashine hii hakina taa yake. Ukitaka kuona, utoke nje, kwenye jua, mbele ya watu. Kwa hiyo Jumapili baada ya misa niliketi barazani, na Mama karibu nami akichambua sombe, majani ya mhogo. Nikafika shimo la tisa. Na hapa, shemeki, sikiliza vizuri, maana hili ndilo ulilotaka nikuambie. Kwenye mashine hii hakuna rangi. Yale mawe ya kijani tuliyoyakimbilia kila mara, sisi watoto wa shaba, ambayo ardhini ni ya kijani, tukiona kijani tunaona mali, hapa ni ya kijivu kama mengine. Kwa mara ya kwanza sikuyaona kuwa mali. Niliona tu mahali yalipo: chini ya dari, kila moja kwa nafasi yake. Yalikuwa nguzo! Tulikuwa tukijizika wenyewe, tukiondoa kilichotushikilia. Niliyaacha. Nikapita katikati yake, dari ikakaa, mlango ukafunguka. Kuhusu mji wetu na nguzo zake sitaandika zaidi. Barua hii haina bahasha.

Mchezo ukaomba jina la mshindi. Nikakaa na vidole hewani.

"Inakuomba nini?" Mama akauliza.

"Jina, Mama."

Akatazama ua. Akafuta mikono kwenye kitenge. "Nani alikufundisha?"

Nikainamia vitufe.

"Basi andika ya ule."

Nikaandika. Akaichukua mashine, akaiweka mbali na macho kama anavyosoma Biblia. "Mbuyi," akasoma. Kisha kwa sauti yote, ileile aliyokuwa akikuitia chakula: "Mbuyi!"

Upande wa pili wa ua mchi ulinyamaza. Halafu ile sauti ya jirani ikaja, nyembamba, si kama nilivyoikumbuka: "Mama! Alirudia huku?"

"Alishinda!" Mama akamjibu. Na jirani, nakuapia, akapiga vigelegele.

Ndani ya mashine hii kuna betri ndogo kama kifungo, ambayo kazi yake ni kukumbuka hata mawe makubwa yakiisha. Nimeweka mpya. Mbuyi, naliandika sasa, wasomaji wote wa njiani walisome: jina lako liko Kolwezi, juani, barazani kwa mama mkwe wako. Msalimie yaya. Mwambie sombe ilikuwa tamu siku hiyo.

Ni mimi, mdogo wa mke wako, uliyemlipa kwa shimo.