Niko Mezani

Ntoto, Walikale, Jumatatu tarehe 13 Novemba 2023

Kamaradi Kétsia, dada yangu wa mapambano! Na ninyi makamaradi wanafunzi ambao vita vimewamwaga huko Hombo kama mahindi kutoka gunia lililopasuka! Nawasalimu nyote kwa mkono ulioinuliwa. Ila wewe, Kétsia, nakuomba uisome barua hii peke yako hadi mwisho, ndipo uamue kama itasomwa mbele ya wengine.

Mwili wangu ni mzima. Huku Ntoto mvua haikatiki, na familia iliyonipa chumba hainidai kitu ila kuwaandikia majirani barua kwa ndugu zao walio mbali. Nimekwisha kuandikia nusu ya kijiji. Hii yangu imenishinda tangu Januari. Nawe je, afya yako? Kifua cha mama yenu, Mama Kaswera, kimetulia, au bado kinamkoroma asubuhi? Na mjomba wenu Edmond, bado anagombana na madereva wa malori kwa Kifaransa wasichokielewa?

Barua yako ya mwezi uliopita niliipokea mikononi mwa Mama Verdiane, mwuza mawese. Umeniandikia kwamba Edmond anataka kufunga duka lake na kuwapeleka nyumbani kwake Bukavu kabla barabara haijakatwa na mapigano, na kwamba Mama Kaswera ameketi juu ya gunia la chumvi na kutangaza kwamba yeye hatoki Hombo hata kidogo. Kwamba Hombo njo mahali alipopatana na mtoto wake Lévi kwamba watakutana, na muntu anayetaka kumuhamisha amubebe pamoja na chumvi. Nilicheka, kisha nikaikunja barua. Mwishoni umeniuliza kwa nini kaka yako, ambaye jina lake mnaliona likiwaka kila Jumapili, haandiki hata mstari mmoja kwa mkono wake. Nitakujibu. Niruhusu kwanza nieleze safari ya meza yetu, kwa sababu jibu limo ndani yake.

Unakumbuka tulivyoanza. Karo ya chuo ilikuwa imetushinda, tukarudi Kitshanga sisi watatu, tukajibanza nyuma ya duka la mama yenu kati ya marobota ya vitenge, na simu moja yenye kioo kilichopasuka, ya kuchezea karata za poka mtandaoni, za kuwekeana dau kwa jetoni. Nilipanda juu ya kreti nikahutubia. Nilisema kwamba dunia imecheza karata na udongo wetu kwa zaidi ya miaka mia bila kutuita mezani. Kwamba sasa tutakaa nao, jetoni kwa jetoni, na kuwanyang'anya kwa akili kile walichotunyang'anya kwa bunduki! Ulipiga makofi. Lévi akanitazama akasema nishuke kwanza, kreti ile iko ya bia ya watu.

Halafu tukaandika kanuni, maana mapinduzi yasiyo na kanuni ni vurugu tu. Tutaanza na mashindano ya kiingilio cha dola moja. Hatutapanda meza ya juu mpaka mfuko wetu uweze kubeba viingilio mia moja vya meza hiyo. Na kanuni ya tatu, aliyoidai Lévi: hakuna uamuzi wa kupanda utakaokuwa halali bila akidi, na akidi ni watatu, wote, kwa mikono iliyoinuliwa. Mama Kaswera alitukuta tumeinua mikono akauliza kama tunasali. Lévi akamjibu kwamba ndiyo, ni novena.

Akaunti ilihitaji kitambulisho. Kadi yangu ya kupiga kura ilikuwa imefutika, uso umebaki kama doa la chai; yako vilevile. Ya Lévi peke yake ilisomeka, kwa kuwa aliifunga kwa plastiki siku ileile aliyopewa, nasi tukamtania kwamba anaiheshimu serikali kuliko serikali inavyojiheshimu. Basi sote watatu tuliketi mezani kwa jina moja, Kasika Lévi, na kila mmoja wetu alipokuwa akicheza, alama ndogo ya kijani iliwaka kando ya jina hilo, ikaonekana popote duniani penye réseau, mtandao wa simu.

Huku Ntoto réseau haifiki kijijini. Kila Jumapili, watu wakiwa misani, mimi hupanda kilima na kibao changu cha umeme wa jua mgongoni, nikakaa juu ya jiwe ambalo kila anayetafuta mawasiliano amelikalia hadi limekuwa laini. Hapo ndipo meza yetu ilipopanda. Machi, kutoka dola moja hadi tano. Juni, kutoka tano hadi ishirini. Lazima niungame kwamba mikutano hiyo haikuwa na akidi. Nilisimama peke yangu juu ya jiwe, nikasoma hoja kwa sauti, nikainua mkono. Ndege waliokuwa karibu waliruka.

Nikuambie jambo ambalo hakuna kanuni yetu iliyolitabiri. Kwenye meza ya dola moja watu walizungumza. Unamkumbuka yule wa Ureno aliyeandika kila mara kwamba mke wake anamwita kula na kwamba chakula kinapoa? Kwenye meza ya dola tano walibaki wawili watatu wa kusalimiana. Kwenye ya ishirini hakuna anayesema neno. Tisa wameketi pamoja, kila mmoja na kioo chake, na kisanduku cha maneno ni kitupu kama kanisa siku ya Jumanne. Nilikuwa nikihutubia uwanja mzima wa chuo, Kétsia, na sasa wiki nzima inapita bila mtu kunipinga! Kadiri nilivyopanda ndivyo nilivyosikia pumzi yangu tu, na upepo, na mlio wa mizinga mbali upande wa Masisi.

Lakini siku ya Pasaka, meza ikiwa bado ya dola tano, kisanduku kile kiliandikwa na mtu wa nyumbani. Ulikuwa umeipata meza kutoka huko Hombo, ukaandika: "Kaka, ni weye?" Jibu likaja: "Niko." Neno moja. Kisha jetoni zikagawanywa. Kwa neno hilo, umeniandikia, Mama Kaswera alicheza juu ya saruji ya duka mpaka viatu vikamtoka, na kwa neno hilo anakalia gunia la chumvi hadi leo.

Sasa jana. Yalikuwa mashindano ya dola mia moja, makubwa kuliko yote tuliyowahi kuyagusa. Kiingilio nilikipata kama tiketi niliyoshinda kwenye meza ndogo. Walianza wachezaji mia nane. Saa tisa mchana walibaki tisa, na jina la Kasika Lévi lilikuwa miongoni mwao. Kulikuwa na mchezaji mmoja aliyesukuma jetoni zake zote katikati mara tatu mfululizo, na mara tatu nikatupa karata zangu. Mara ya nne nilikumbuka fundisho la Lévi, kwamba muntu mwenye mali anauliza bei polepole, mwenye kupiga kelele iko na mfuko mutupu. Nikamfuata na jozi ya tisa. Alikuwa na mfuko mtupu. Nilipiga ukelele kilimani. Nikageuka ili nimkumbatie mtu.

Tulimaliza wa tatu. Zawadi yake ingetosha karo ya sisi sote hadi tupate vyeti. Lakini kwa zawadi ya kiasi hicho wenye mchezo hudai kumwona mwenye akaunti: atazame kamera, ageuze kichwa kushoto, kisha kulia, akiwa ameshika kadi yake chini ya kidevu.

Kadi ninayo. Uso sina.

Kamaradi, dada yangu, nimefika nilipokuwa nikikwepa kufika. Ile siku ya Januari vita vilipoingia Kitshanga, lori la kwenda Goma lilikuwa na nafasi mbili, mkapanda wewe na mama, na mimi na Lévi tukashika njia ya miguu. Hayo unayajua. Usichokijua ni kwamba tulipofika nje ya mji nilimuuliza kama amebeba kadi, naye akasema ameisahau dukani. Ni mimi niliyesema kwamba bila kadi ile jasho letu lote ni bure. Nilihutubia, Kétsia, katikati ya akina mama wenye magodoro kichwani na ng'ombe waliopotewa na wenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Shuka kwenye kreti, Gustave. Minaenda."

Alirudi na kadi mfukoni na risasi ubavuni, risasi isiyokuwa na anwani, iliyotafuta yeyote. Alitembea nami siku mbili akiegemea bega langu, akinitania kwamba ninanuka kama mwanasiasa. Siku ya tatu, tukiwa tumepita Nyabiondo, alikaa kando ya njia na hakusimama tena. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani walitupa majembe yao. Tulimzika, mimi na wao. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina langu wala la kwake.

Nilifungua akaunti ile ili niifunge. Jina lake likawaka kijani, na sikuweza kulizima. Na uliponiuliza, niliogopa. Niliogopa kwamba mimi, niitwaye Tuyishime, nikileta habari ya kifo cha mtu aitwaye Kasika, kuna watakaosikia kabila mbili katika majina hayo mawili na kujaza wenyewe yaliyobaki. Hiyo ndiyo hoja niliyojitungia. Ukweli ni mdogo kuliko hoja: sikutaka kuwa peke yangu juu ya jiwe lile. Nikaandika "Niko." Kitenzi kilikuwa cha kweli, nafsi ndiyo ilikuwa ya uongo. Na kwa uongo huo mama yenu anakaa mahali ambapo vita vinakuja.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nakuomba umwinue Mama Kaswera kutoka kwenye gunia, kwa mikono yako, na umwambie kwa maneno yako. Yangu yamekwisha kufanya kazi ya kutosha. Mpande lori la Edmond wiki hii. Jumapili ijayo saa tisa msitazame meza. Akaunti nimeifunga leo asubuhi, na zawadi imebaki ndani yake.

Wasalimie makamaradi. Msalimie mjomba Edmond. Mwambie kadi ya mpwa wake ninaileta mwenyewe, bado iko ndani ya plastiki, inasomeka vizuri. Naondoka kesho kutwa, kwa miguu.

Mkutano ujao utafanyika Bukavu, nyumbani kwa Edmond, Jumamosi tarehe 2 Desemba, saa nne za asubuhi. Ajenda ni moja, kumlilia Lévi. Mkinikuta mlangoni na mkataka nibaki nje, nitabaki nje. Akidi haitatimia. Tukutane hivyo hivyo.

Wako katika mapambano,

Tuyishime Gustave