Piko Kabla ya Mstari wa Nne

Jumatano, 6 Novemba

Umeme umekatika tena. Mji una gesi chini ya ardhi na mimi napiga pasi ya mkaa. Chembe ya majivu imeangukia kola. Nikafua upya, nikaanika, nikapiga pasi upya. Nimechoka kabla sijaingia kazini.

Mtwara hadi Dar na kurudi. Mzee mmoja kanipa chupa tupu nikamtupie. Nimeitupa. Mwingine kauliza kama chai ipo. Ndege ya viti kumi na viwili, chai itoke wapi? Nimevaa shati jeupe, tai, mistari mitatu kila bega, na bado naulizwa chai.

Kapteni Lyimo haulizwi chai. Viatu vyake unaweza kujitazamia. Dar anabadili shati hata kama tunageuza papo hapo. Ana msemo wake: abiria hajui kurusha ndege, anajua shati. Siupendi msemo huo, ila siwezi kuukana. Mimi mwenyewe nikienda hospitali namwamini mwenye koti jeupe kabla hajafungua mdomo.

Alhamisi ya wiki ijayo mkaguzi anakuja kunipima. Nikifaulu, napata mstari wa nne. Natoka urubani msaidizi, naitwa kapteni. Nimeungoja mstari huo mpaka nimeanza kuuchukia.

Ijumaa, 8 Novemba

Balaa.

Zuhura, mdogo wangu, anaolewa kesho. Mama wadogo wameingia kutoka Mikindani na mabeseni na vigelegele. Nilisema hina kidogo tu, viganjani, nina kazi Jumatatu. Mama mdogo Saada akaja juu: "Dada mkubwa wa bi harusi, mikono mitupu, kama unakwenda matangani?" Nikanyoosha mikono ili yaishe.

Nilikuwa nimeamka alfajiri kuwahi ndege. Mkeka, feni, wanawake wanaimba. Nikalala palepale. Mpambaji ni Halima, jirani yetu hapa Magomeni ya Mtwara. Kumbe alifurahi, maana mtu aliyelala hatikisiki. Nimeamka nina piko mpaka viwikoni. Si ile hina nyekundu inayofifia taratibu. Piko, jeusi tii. Maua, majani, vitone, sawasawa na ya bi harusi. Na juu ya kifundo cha mkono wa kulia, kidege. Kina mabawa na mkia. Halima kanionyesha kwa fahari, kasema hajawahi kumchora mtu akapendeza hivi.

Kidege kimechorwa vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Limau, chumvi, dawa ya meno. Wapi.

Jumapili, 10 Novemba

Harusi imepita. Nilicheza mpaka magoti yakagoma. Jana mikono hii ilikuwa mahali pake, hakuna aliyeishangaa. Kila aliyenishika aliigeuzageuza na kuisifu.

Mume wa Zuhura anafanya kazi Dar, watahamia huko. Zuhura kaapa kwenda kwa basi. Dada yake ni rubani, na yeye akisikia ndege inapita juu ya bati anajifunika kanga.

Nitamkosa. Sijamwambia.

Jumatatu, 11 Novemba

Mikono ya shati la sare inaishia juu ya kiwiko. Hakuna pa kujificha. Ndege yetu haina mlango kati ya rubani na abiria, aliyekaa mbele anaona hata kucha zangu.

Mimi ndiye ninayefunga mlango na kuwaeleza habari za mikanda. Kulikuwa na mnunuzi wa korosho, katoka mnadani Nanyamba, saa yake ya dhahabu inamtangulia. Akatazama mikono yangu, akapaza sauti: "Kapteni, tunakwenda Dar au tunampeleka mwali?" Watu wakacheka. Kisha yeye akaacha kucheka. "Huyu naye anashika usukani?"

Zamu ya kurusha ilikuwa yangu. Tulishapangana. Kapteni Lyimo akarekebisha kofia. "Narusha mimi, mheshimiwa. Kaa kwa amani."

Akarusha yeye. Mimi nikabaki na redio.

Ilinipanda aibu, halafu hasira, halafu usingizi.

Jumanne, 12 Novemba

Meneja kapiga simu kutoka Dar. Mnunuzi wa korosho amelalamika. Meneja kasema hana ubaya na piko, mke wake pia hupaka. Lakini sare ni sare, na mkaguzi anakuja keshokutwa. Nivae glavu nyeupe, angalau viganja na vidole vifichike, mpaka maua yafutike.

Hewala haigombi. Nimesema sawa.

Sokoni kuna glavu za kuoshea vyombo na za ujenzi. Nyeupe nimeazima kwa mwalimu wa bendi ya shule. Zinanuka shaba.

Jumatano, 13 Novemba

Glavu, na joto hili la Novemba. Mama mmoja kaniuliza kwa huruma kama nina ugonjwa wa ngozi.

Kidole kimeteleza nikawasha swichi ya pembeni, si niliyoikusudia. Tulikuwa chini, injini haijawashwa. Kosa dogo. Kapteni kaliona, kanyamaza. Mimi sikulinyamazia. Nimelirudia kichwani kutwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Mkaguzi ni mtu mwembamba, mpole. Shati lake limekunjamana. Kapteni Lyimo alilitazama kama mtu aliyeona nzi kwenye chai.

Hatukuwa na abiria. Mkaguzi akakaa kulia kwangu, Kapteni nyuma. Nikafunga mkanda, nikashika wenzo wa injini. Glavu ikateleza. Nikazivua zote mbili nikazikalia. "Siwezi kurusha na hizi," nikasema. Nilijua nimejichimbia kaburi.

Mkaguzi akakitazama kidege kifundoni. "Endelea," akasema.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imetanda upande wa Mnazi Bay, upepo unapiga ubavuni. Karibu na kugusa ardhi ndege ikasukumwa pembeni. Nikaongeza nguvu, nikapaa tena bila kutua. Sikungoja kuambiwa. Nikazunguka mpaka upepo ukapungua, nikatua. Jasho lilikuwa limelowesha mgongo wote. Ndipo nikakumbuka kwamba nina mikono.

Mkaguzi kasema nimefaulu. Kasema wengi wangelazimisha kutua ili wasionekane wameshindwa.

Nimefaulu. Nimeliandika ili niliamini.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimefaulu, ila.

Meneja kanipongeza. Mistari minne ipo kwenye droo yake. Atanivalisha mikono ikitakata, kwa sababu patakuwa na picha, na picha itaonwa na wateja. Mpaka hapo niendelee na mitatu, na glavu.

Ukapteni wangu uko kwenye droo unaisubiri ngozi yangu.

Kapteni Lyimo kanishauri nivumilie, piko halikai milele. Kasema siku ile kwa mnunuzi wa korosho alitaka tu kuwatuliza watu. Nikamjibu: "Ulimtuliza mmoja, Kapteni. Ulikuwa na rubani mwenzako pembeni." Sijawahi kumjibu hivyo. Akavua kofia akawa anaitazama ndani, kama kuna kitu kimeangukia humo.

Glavu nimezirudisha kwa mwalimu. Kama watanifukuza, wanifukuze.

Jumapili, 17 Novemba

Limau asubuhi, limau jioni. Mama kasema nitajichubua. Ngozi inawaka, maua yamefifia kidogo, kidege kimekataa.

Nimechoka kujisugua. Lakini droo ile naiona hata nikifumba macho.

Jumanne, 19 Novemba

Zuhura kapanda ndege. Mumewe alikata tiketi kimyakimya, likizo yake imekwisha na basi lingemchelewesha. Zuhura alikuja uwanjani kashikwa mkono, macho mekundu. Hakunisalimia. Alikuwa hasalimii mtu.

Kapteni Lyimo kasimama mlangoni, shati limenyooka kama kawaida yake. Akawaambia abiria, kwa sauti ya kusikika na wote: "Leo anarusha Rukia. Kapteni Rukia." Hakunitazama. Akaja akakaa, akashika redio.

Zuhura alikuwa kiti cha mbele, nyuma yangu. Karibu na Kilwa mawingu yakatutikisa vibaya. Nikangoja kusikia kelele zake. Sikusikia.

Dar aliposhuka akanieleza. Wakati wa kupaa alifumba macho. Alipoyafumbua, kitu cha kwanza alichokiona ni mkono wangu kwenye wenzo wa injini, na maua yale yale aliyonayo yeye. Hakutazama kingine njia nzima. "Ndege inatikisika, mkono umetulia," kasema. "Nikasema, basi na mimi nitulie, dada." Akaweka mkono wake kando ya wangu. Wake una maua mazima. Wangu nimeuchubua.

Akaniuliza kwa nini. Nikasema sabuni. Wakaondoka na mabegi yao, na nikasimama pale mpaka nikaitwa.

Nyumbani umeme upo. Nimepiga pasi shati la kesho, la mistari mitatu. Malimau yaliyobaki nimempa mama. Kayakamulia kwenye samaki.